Alama za Mjukuu Wangu, Kitanda Namba Tisa

Kwa Matroni,
Wodi ya Watoto.

Mheshimiwa Matroni,

YAH: MJUKUU WANGU KUPUNGUZIWA ALAMA BILA HAKI

Pokea salamu za heshima kutoka kwenye kiti cha plastiki kilicho kando ya kitanda namba tisa, ambako leo ni siku ya saba namuuguza mjukuu wangu, Chiriku. Jina hilo tumempa wenyewe nyumbani kwa sababu ya mdomo wake. Ana miaka kumi na mitatu. Kidole tumbo kilimpasukia, akafanyiwa upasuaji, na kwa hilo nawashukuru madaktari wako kwa moyo wangu wote. Wazazi wake wako kazini mchana kutwa, kwa hiyo mimi ndiye mlinzi wa mtoto na wa haki zake.

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu. Nimesahihisha mitihani miaka thelathini na moja. Sisemi haya kwa kujigamba, ila uelewe kwamba likija suala la alama, mimi si wa kuchezewa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila asubuhi Sista wa zamu, yule mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni, hupita kitanda hadi kitanda akiwapa watoto alama kwenye karatasi. Siku ya kwanza Chiriku alipata saba. Nilizunguka nikachungulia karatasi za wenzake, na kwa hilo naomba radhi. Kitanda namba nne kilikuwa na mbili. Namba sita, tatu. Yule wa dirishani alikuwa na moja, na mama yake anatabasamu tu, maskini, hajui. Mjukuu wangu alikuwa wa kwanza wodi nzima. Nilipiga simu ukoo mzima, na shangazi yake alilia kwa furaha.

2. Tangu siku hiyo Sista amemshikia bango. Anamwinua mtoto mgonjwa, anamtembeza koridoni hadi mlango wa famasi na kumrudisha, huku akimhesabia hatua. Anamlazimisha kukunja na kukunjua vifundo vya miguu. Anamdunga kisindano cha tumboni, na nikimuuliza cha nini, ananijibu ni cha kuzuia. Kuzuia nini, kama si maendeleo ya mtoto? Baada ya mateso yote hayo, Jumatano akampa tano.

3. Alhamisi daktari alichomoa mpira wa dawa uliokuwa kwenye mshipa wa paja la kulia. Alama mbili zikaondoka nao, tukabaki na tatu. Mpira ni mali ya hospitali, sikatai, lakini alama ni za mtoto.

4. Mwalimu hawezi kukunja mikono wakati mwanafunzi wake anaporomoka. Niliisoma ile karatasi mstari kwa mstari nikaugundua mtihani wenyewe: asiyeshuka kitandani anaongezewa, asiyekunywa maji anaongezewa. Nikaanzisha masomo ya ziada. Ijumaa na Jumamosi nilimkataza Chiriku kushuka, nikambana na blanketi pande zote, na jagi la maji nikaliweka chini ya kiti changu. Alinung'unika sana. Nikamwambia mtaka cha uvunguni sharti ainame, ila yeye alale. Leo Jumapili asubuhi amepata sita.

5. Badala ya kumpongeza, Sista ameniuliza mbele ya wazazi wenzangu kama nina akili timamu, kisha akanipokonya blanketi. Matroni, wivu nimeuona sana kwenye vyumba vya walimu, lakini wa namna hii, la, sijauona.

Kwa hiyo naomba karatasi ya Chiriku isahihishwe upya na mtu asiye na chuki. Naomba pia Sista ahamishiwe wodi isiyo na watoto wenye vipaji, na siku ya kuruhusiwa pawe na hafla fupi ya zawadi kwa washindi watatu wa kwanza. Hotuba nitatoa mimi, na haitazidi dakika arobaini.

Nisalimie madaktari, wapishi, mama wa usafi anayepiga deki chini ya miguu yangu bila kunigombeza, na hata Sista mwenyewe. Sina kinyongo naye, nina ushahidi tu.

Wako katika kutetea elimu,
Babu yake Chiriku,
Mwalimu Mkuu Mstaafu.

N.B. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga pale Sista aliporudi na utepe wa kupimia. Ile sita ilikuwa imemnyima raha. Akapima miguu ya Chiriku, na wa kulia ulikuwa umevimba kuliko wa kushoto. Wakamkimbiza kwenye mashine ya picha. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa wa paja. Donge lenyewe ni dogo, lakini daktari anasema lingeweza kung'oka likasafiri hadi mapafuni, na hapo tusingekuwa na mtoto. Limewahiwa, na dawa inafanya kazi.

Ndipo Sista akaondoa kibanio kilichofunika kichwa cha karatasi, akanisomea polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Zile ni alama za hatari ya damu kuganda. Anayezidi wenzake ndiye anayewatia wasiwasi kuliko wote. Miaka yote nimewaambia wanafunzi kuuliza si ujinga, na mimi sikuuliza kwa sababu nilidhani najua. Nililia pale koridoni, Matroni, na sioni haya kukuandikia hivyo.

Barua sijaichana. Kazi iliyokosewa haichanwi, inapigwa mstari mwekundu ili mwenye kosa alione. Basi yote yaliyo juu yapige mstari, na Sista asihamishwe kamwe.

Leo Jumatano, siku tatu baada ya hayo, kwa ruhusa ya daktari, mimi mwenyewe nimemtembeza Chiriku hadi mlango wa famasi mara nne, akiongea njia nzima, na jagi la maji amelimaliza. Karatasi inasema nne. Maisha yangu yote sijawahi kumwombea mtoto apate sifuri. Huyu namwombea.