Achari ya Saoudat na Meno Yangu

Jumatano, 1 Machi 2000. Mutsamudu.

Daktari kasema moyo umechoka. Sina miezi mingi. Basi niandike nililolificha miaka thelathini na minane: achari ya ndimu ya mke wangu Saoudat hunitia meno ganzi mpaka machozi yanilenge. Siku ya harusi mama yake alinitengea, nikasema sijapata kuonja kitu kitamu kama hiki. Kijana wa Moroni, ndiyo kwanza nimehamia nyumba ya mke kama ilivyo desturi yetu. Ningesema nini? Tangu siku hiyo Saoudat hajakosa kunitengenezea. Namshukuru Mungu kwa mke huyu. Achari ni jambo jingine.

Zamani binti yetu Soumaya alinitumia kutoka Moroni dawa ya meno ya kutuliza ganzi. Sasa kisiwa chetu cha Ndzuani kimejitenga na serikali ya Moroni, tumewekewa vikwazo, vyombo havivuki. Dawa imekwisha. Nimeipasua tyubu kwa kisu na kuikwangua. Ndimu hazina vikwazo.

Alhamisi, 2 Machi.

Mpango wa kwanza: tui zito. Nimelipaka menoni kabla ya kula, kama chokaa ukutani. Kipande cha ndimu kikapenya. Saoudat akauliza mbona nalia. Nikasema namshukuru Mungu. Si uongo wote. Kisha mbio kwenye mswaki na unga wa mkaa, nikasugua kwa nguvu, kama nilivyowafundisha watoto wa shule miaka thelathini: ukimaliza kula, sugua hapo hapo.

Jirani yangu Combo aliona tui kidevuni, akang'amua kwamba nakinga meno na ndimu. Combo ni rika langu na ana meno yote. Tangu tujitenge amejipa kazi ya kulinda uchochoro. Akatangaza barazani kwamba mtu wa Moroni asiyekula ndimu za Ndzuani, moyo wake bado uko Moroni. Nikamwambia moyo wangu hata Mirontsy hapo jirani haufiki. Wazee wakacheka. Yeye hakucheka. Kesho atakuja kula kwetu, ajionee.

Combo simwogopi. Naogopa Saoudat ajue kwamba miaka yote hii ametumikia uongo wangu.

Ijumaa, 3 Machi.

Mpango wa pili: kofia. Combo alipoinamia samaki, nikachopoa ndimu zangu na kuzificha chini ya kofia. Vipande vitatu. Combo akaona sahani nyeupe, akarudi kwa samaki wake. Ushindi.

Alasiri tukaenda msikitini, bega kwa bega. Nilisahau kwamba kofia hii aliidarizi Saoudat kwa mkono wake, na ina vitundu pande zote. Nikasujudu. Mafuta ya manjano yakateremka mpaka puani. Tulipotoa salamu Combo akaninusa, akauliza, “Fundi, kichwa kimeshaiva?” Fundi ndivyo wanavyomwita mwalimu hapa. Msikiti mzima ulikuwa wanafunzi wangu. Hakuna aliyenitetea.

Saoudat aliifua kofia. Kipande kimoja kilikuwa kimenasa ndani. Alikitoa. Akaianika.

Jumamosi, 4 Machi.

Barua ya Soumaya imefika kupitia mfanyabiashara wa Mirontsy aliyevuka kwa siri. Amemuuliza daktari wa meno. Kitu kichachu hulainisha jino, kwa hiyo usisugue hapo hapo, utalila. Sukutua kwa maji, ngoja nusu saa.

Miaka thelathini nimefundisha kinyume. Nusu ya mji huu wana ganzi kwa elimu yangu. Combo hakukanyaga darasa langu hata siku moja. Mungu anisamehe.

Saoudat akauliza barua inasemaje. Nikasema Soumaya anasalimu.

Jumapili, 5 Machi.

Sikuweza tena. Nimemfuata jikoni nikamweleza yote, tangu harusi mpaka kofia. Aliendelea kukuna nazi. Nikadhani ndiyo basi, nitakufa mke hasemi nami.

Kisha akasema yeye achari haimpandi. Yake, ya mama yake, ya mtu yeyote. Ndimu zinamchoma vidole, na meno yake ni mabovu kuliko yangu. Nilimsifia mama yake kwa sauti kubwa kiasi kile, angeachaje kuitengeneza? Akajifunika uso kwa shiromani, ile leso yake kubwa, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Anacheka.

“Baba Soumaya, kumbe tumeteseka wawili?”

Chupa zote mbili za achari zilizobaki tumempelekea Combo. Kasema huo ndio uzalendo. Nawashukuru wote, hata yeye. Tangu leo sitamficha tena Saoudat jambo.

Jumatatu, 6 Machi.

Saoudat ameamka alfajiri kunipikia kitu kisichoumiza meno: shelisheli lililopondwa kwa maziwa na sukari. Linanata kama udongo wa mfinyanzi. Akaketi mbele yangu, mkono shavuni, anangoja.

Nikasema sijapata kuonja kitu kitamu kama hiki.

Uso wake ulivyong'aa! Ameapa kunipikia kila asubuhi, siku zote nilizobakiza.

Tangu utoto sipendi shelisheli.