Paramesia Wangu Waliogoma Kuogelea

Jumatatu, 11 Machi
Mkuu wa chuo katuita, mimi na Indutai. Wahudumu wawili wa maabara, sote vibarua. Nafasi ya kudumu moja. Ijumaa mtahini anakuja kutoka Pune. Atakayemwonyesha paramesia hai wakiogelea vizuri, ajira yake. Mwingine kibarua kitaota nyasi. Yaani kiumbe cha seli moja, hakina mkono wala mguu, ndicho kimeshika riziki yangu!

Jumanne, 12 Machi
Nimechemsha nyasi kavu, nikatia maji ya bwawa niliyoyaweka tangu wiki jana. Wapo! Vinyweleo vinapiga kasia mwili mzima, wanazunguka huku wakienda. Indutai kachungulia. Akasema, “Bhau,” yaani kaka, “hao wako wanatembea kama bibi harusi. Wangu wanakimbia.” Nimeumia.

Jumatano, 13 Machi
Nimewaza. Nani hapa Kolhapur anachangamka bila chai? Nikawatilia vijiko viwili, ya tangawizi, nzito.
Jioni: vinyweleo kimya. Wamekufa wote!

Alhamisi, 14 Machi
Nikaenda kuazima chupa ya Indutai bila yeye kujua. Kabati lina kufuli. Akanikuta, akauliza natafuta nini. Nikasema nimeona mjusi. Akasema, “Namwona, bhau. Ana masharubu.”

Ijumaa, 15 Machi
Mtahini kala mchuzi mwekundu wa mbuzi, jasho linamtoka. Mkuu akanifokea: maua ya ofisini yananuka, toa haraka! Kweli, kubadilisha maji ni kazi yangu. Sijayagusa tangu Siku ya Jamhuri, mwezi Januari. Kwa kukata tamaa nikaweka tone la maji hayo chini ya darubini.
Mungu wangu! Mamia! Wanene! Wakigonga uzi wa pamba niliouweka kuwapunguza mwendo, vinyweleo vinageuza mapigo, wanarudi kinyumenyume, wanashika njia nyingine. Mtahini akasema hajaona wenye afya kama hawa. Indutai akasema nina bahati ya mtende. Nilijifungia chooni nikalia kwa raha. Nyumbani mke wangu naye kalia. Tumepona!

Jumamosi, 16 Machi
Barua ya ajira ninayo. Mkuu kauliza siri yangu. Nikajibu: usafi. Akafurahi, akanikabidhi tangi la maji ya kunywa la chuo kizima, nilisugue leo leo.
Nimepanda. Nimechota tone, nimelitazama kwa darubini. Wanaogelea vizuri ajabu! Mbegu nzuri hivi, niiharibu kwa brashi? Nimefunika, nimeshuka. Nimemwambia Mkuu tayari.