Seva Ilianguka Pasta Akihubiri

Jamani, leo nimeaibika. Na sio ile aibu ya kuteleza sokoni ukainuka ukijipangusa matope. Nimeaibika kwenye mazishi ya mama yangu mzazi, kupitia spika za kukodi, mbele ya Pasta, kwaya na watu wote wa Kisegi. Mlionitumia pole asubuhi, asanteni. Msizimalize, jioni hii nazihitaji tena.

Nianze na kazi yangu, maana ndiyo iliyoniponza. Mimi na mwenzangu Chacha tuna biashara ndogo kule Rongo. Tunapangisha wingu. Yaani mwenye duka la dawa au shule anaweka mafaili yake kwenye kompyuta zetu kubwa, zile seva, badala ya kununua zake. Tumelijenga kwa programu za bure, zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzichukua na kuzirekebisha apendavyo. Wingu lenyewe liko kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la simiti na misumari. (Mama alipokuja kuliona alitazama zile seva, akatazama dari, halafu akaniuliza kwa upole kama tumetapeliwa.)

Sasa, seva nazo huugua. Stima ikiyumba zinaugua, joto likizidi zinaugua, na mara nyingine zinaugua tu. Kwa hivyo kuna programu nyingine, ya bure pia, ambayo kazi yake ni kuziangalia afya kutoka mbali. Kila baada ya muda mfupi inabisha hodi kwa kila seva: uko mzima? Ikijibiwa, skrini inabaki kijani. Ikinyamaziwa, skrini inakuwa nyekundu na simu yangu inalia. Nilipomweleza Mama hivyo alielewa palepale, kwa njia yake. Sabato iliyofuata akina mama wote wa kanisa walikuwa wanajua kwamba Odhiambo wake ni daktari wa mawingu.

Shida ni kwamba daktari akilala, amelala. Nilijaribu mlio wa king'ora, nikajaribu jogoo, nikajaribu ngoma. Seva zinakufa, mimi nakoroma. Chacha akachoka na mimi, akaniuliza kwani nyumbani nilikuwa naamshwa na nani. Nikamwambia ukweli, Mama. Mama aliuza mitumba soko la Kisegi, na bei ya shati lake ilisikika upande wa pili wa soko bila kusaidiwa na mashine yoyote. Kila asubuhi aliamsha boma zima kwa sauti hiyo, akianza na Baba. Basi nikampelekea simu nikamwomba aniamshe humo ndani. Akafikiri kidogo. Alishuku kompyuta huenda haijui Kidholuo, kwa hivyo akachanganya:

"Chiew! Amka wewe! Bado umelala tu? Mgonjwa wako anakufa!"

Tangu siku hiyo sijawahi kupitiwa na usingizi. Nikaiweka sauti hiyo itoke hata simu ikiwa kimya, na irudie, irudie, mpaka nibonyeze kwamba nimesikia. (Niliona nina akili sana. Kumbukeni hilo.)

Majuzi Mama akatutoka. Presha. Asubuhi alikuwa sokoni anabishana na wateja, jioni hayuko. Sitaki kuliongelea sana hapa, nitashindwa kumaliza.

Lakini aliyetutia hofu zaidi ni Baba. Tangu siku ile Baba hakusema neno. Chakula anasogezewa, anakisogeza. Kulia hakulia. Alikuwa anaketi kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi mpaka giza, akitazama mikono yake, na ukimsalimia anaitikia kwa kichwa. Shangazi, dada yake Baba, alinivuta kando leo mapema akaniambia tusipokuwa waangalifu tutayasimamisha tena hayo matenti kwa ajili yake kabla ya mwezi kuisha. Akaniomba kitu kimoja tu, mazishi yaende polepole, kwa utulivu, na mtu yeyote asimshtue ndugu yake. Nikamwahidi. Nikazima sauti ya simu mbele ya macho yake ili aone.

Seva nilikuwa nimemwachia Chacha. Programu ikiona ugonjwa inampigia yeye kwanza, na asipojibu ndipo inanitafuta mimi. Sikujiondoa kwenye orodha kwa sababu niliona haina haja. Chacha angekuwa Rongo, simu mkononi.

Chacha hakuwa Rongo. Chacha alikuwa amekuja mazishini, kimyakimya, ametoka kwao Isebania na shati jeupe, ameketi tenti ya nyuma. Na kwa heshima ya mama yangu alikuwa amezima simu yake kabisa. Nitamlaumuje? Nilipomwona pale nyuma nililia kidogo.

Halafu ikafika zamu ya kwaya. Kijana wa vyombo akaweka flashi yenye muziki, flashi ikakataa. Akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Ikakataa tena. Kwaya imesimama pale na sare, inatutazama. Nani aliinuka na kusema yeye ni mtu wa kompyuta na wimbo huo anao kwenye simu? Ni mimi. Nikaiunganisha simu yangu na spika bila waya, muziki ukatoka safi kabisa, kwaya ikaimba mpaka watu wakatafuta vitambaa. Wimbo ukaisha. Nikarudisha simu mfukoni nikaketi karibu na Baba, nimejaa kiburi kidogo. Kuitenganisha na spika nikasahau.

Pasta akasimama. Sisi Wasabato tunaamini aliyekufa amelala tu, na Pasta leo alilieleza hilo vizuri kuliko siku zote. Alisema Mama hajaenda mbali. Amelala. Haoni, hasikii, haongei, mpaka ile asubuhi atakapoamshwa. Watu wakaitikia amina. Akapumzika kidogo, ameweka mkono juu ya jeneza.

Kumbe dakika chache kabla ya hapo, kule Rongo, stima ilikuwa imepotea.

"CHIEW! AMKA WEWE! BADO UMELALA TU?"

Wueh. Ndugu zangu. Sauti ya Mama, ile yenyewe ya sokoni, kutoka kwa spika zote.

Pasta aliondoa mkono kwenye jeneza haraka sana. Kwaya iliingia kwenye mahindi ya jirani na sare zao. Kijana wa vyombo aliacha mashine zinawaka akaonekana akiwa barabarani. Viti vilianguka safu nzima nzima. Halafu ikaja ile sehemu ya pili, kwamba mgonjwa wako anakufa, na hapo hata waliokuwa wamejikaza wakaanza kutazamana kuona ni nani. Mzee mmoja anayesumbuliwa na sukari alianza kujipapasa kifua, akiuliza walio karibu kama anaonekana sawa.

Mimi nilikuwa najua ni nini. Nilikuwa mtu wa pekee pale aliyejua ni nini, na sikuweza kuinuka. Simu imekwama mfukoni mwa suti ya kuazima. Nilipoitoa, skrini ikakataa kidole changu kwa sababu kilikuwa na machozi. Nikakipangusa kwenye suruali. Ikakataa tena. Mama akarudia tangu mwanzo, kwa ukali zaidi, au mimi ndiye niliyesikia hivyo. Na pembeni yangu Baba akasimama.

Nikajua nimemuua baba yangu. Alisimama amenyooka, hatazami jeneza, anatazama spika. Mdomo umefunguka kidogo. Nikabonyeza popote nilipoweza kubonyeza, sauti ikakatika katikati ya neno, na kukawa kimya mpaka nikasikia mahindi yakitikisika kule kwaya ilikojificha.

Pasta ni mtu mzima. Alijifuta jasho, akanitazama simu mkononi, akaniletea maikrofoni bila kuuliza. Nikasimama mbele ya watu kueleza. Nilisema sauti hiyo si ya Mama, ni ya seva. Nilisema seva ni kompyuta, na kompyuta ilikuwa imezimika, na programu ya kuangalia afya ilibisha hodi ikakosa kujibiwa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo mambo yalivyoharibika. Shangazi alikuwa amesimama na kiatu kimoja.

"Kwa hivyo kompyuta ndiyo ilikuwa inakufa," akasema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Na aliyekuja kusema ni Mama yako."

"Ndiyo, Shangazi."

"Mwenye yuko ndani ya sanduku."

Kutoka tenti ya nyuma nikamwona Chacha anawasha simu yake, uso umempauka, halafu anaondoka mbio kutafuta pikipiki ya kumrudisha Rongo. Baba akaketi tena. Hakunitazama. Tukamzika Mama kwa haraka haraka, Pasta akiwa amesimama mbali kidogo na jeneza kuliko alivyokuwa amepanga, na kila mtu aliyepita kunipa mkono alinitazama mfukoni kwanza.

Watu walipokwisha kwenda nilijificha nyuma ya jikoni. Nilikuwa nasikia Shangazi akisimulia kwa majirani, na majirani wakijaribu kutocheka msibani, wakishindwa. Nililia huko kweli. Sikuwa nalia kwa aibu peke yake. Nilikuwa nimeahidi Mama azikwe kwa heshima, na sasa Kisegi watamkumbuka kwa hili.

Ndipo nikasikia jina langu. "Odhiambo." Sauti imekauka, nilidhani ni mgeni. Ilikuwa ni Baba, ameketi kwenye kiti chake cha plastiki kando ya kaburi. Nikaenda nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nataka hata anitukane, mradi aongee.

"Hiyo mashine yako imepona?" akauliza.

"Imepona, Baba. Stima imerudi. Chacha amepiga."

"Imepona kabisa?"

"Kabisa."

Akatazama mikono yake kama alivyokuwa akiitazama siku zote hizi.

"Haiwezi kuugua tena? Kidogo tu?"

Nilichelewa kuelewa. Nilipoelewa nikatoa simu nikamwambia hakuna haja ya ugonjwa, sauti iko humu, naweza kumchezea sasa hivi mara nyingi atakavyo. Akaweka mkono wake juu ya simu, akaishusha.

"Usimcheze kama redio," akasema. "Mama yako hakuwa anapiga kelele bure. Mpe sababu."

Basi nikaenda kuchukua laptopu. Tuna seva moja ya majaribio, haina mteja wala faili la mtu. Nikajiweka wa kwanza kwenye orodha ili Chacha asisumbuliwe, nikaizima kwa mkono wangu ikiwa nzima, haina kosa. Kisha nikaketi chini karibu na kiti cha Baba na tukangoja. Hii programu haina haraka. Inabisha hodi, ikinyamaziwa inabisha tena, halafu tena, haitaki kumtangaza mtu amekufa kabla ya kuwa na hakika. Sijawahi kuona urefu wa muda huo mpaka leo.

"Chiew! Amka wewe! Bado umelala tu?"

Bila spika ilikuwa sauti ndogo, ya mtu aliye chumba cha pili. Nikainua kidole nibonyeze, Baba akatikisa kichwa. Ikarudia. Ikarudia tena. Kule jikoni Shangazi aliacha kusimulia.

"Nimeamka, nyar Kadem," Baba akasema. Binti wa Kadem, ndivyo alivyomwita miaka yote, kwa sababu kwao ni Kadem kule Migori. "Nimeamka. Wacha kelele, nimeamka."

Halafu akalia. Alilia mpaka akashindwa kukaa kwenye kiti, nikamshika, tukalia wote pale kwenye udongo mbichi na Mama bado anatugombeza. Baadaye Shangazi alileta ugali na samaki akaviweka karibu, na Baba akala. Alikula kidogo. Lakini alikula.

Kwa hivyo chekeni mkitaka, Kisegi wameshaanza. Ila wewe Chacha, najua unasoma hii: kesho asubuhi ukiona ile seva ya majaribio ni nyekundu, tafadhali usiitibu mapema. Iache kwanza mpaka mzee aamke.