Kle ya Pélagie

Jumatatu, 12 Mei 2025
Ushirika wa mpunga hapa Kasongo unatafuta mwanafunzi mmoja wa uhasibu kwa staji, mafunzo ya kazini. Mmoja! Tumebaki wawili, mimi na Pélagie. Mtihani ni Ijumaa, kwenye kompyuta. Miaka mitatu nimepiga mistari ya daftari kwa rula na kalamu nyekundu, darasani hakuna anayenishinda. Kompyuta nimeiona. Sijaigusa. Mama ameshawatangazia wanakwaya kwamba nafasi ni yangu.

Jumanne, 13 Mei
Nilijua kuna kitu. Nimemsikia Pélagie akimwambia Mama Régina, meneja wa ushirika: "Mazoezi yote iko mu kle." Kle, yaani ufunguo! Basi maswali yamefungiwa mahali, na yeye anajua ufunguo ulipo. Pale ofisini kabati ni moja tu.

Jumatano, 14 Mei
Kasimu, mlinzi, alisema ufunguo wa kabati hautoki. Nikampa samaki mkavu wa Nyangwe. Ukatoka. Ndani: vikombe kumi na viwili na birika. Karatasi hata moja hamna. Wamezihamisha, bila shaka. Nimefunga na kubaki na ufunguo, ili Pélagie naye asifungue.

Alhamisi, 15 Mei
Pélagie ameniuliza kama niko na kle ya kesho. Nani kamwambia? Kasimu, na samaki ameshamla! Nikajibu ninayo. Akafurahi. Hilo ndilo linalonitia shaka zaidi.

Ijumaa, 16 Mei
Mama Régina alisema kila mmoja aingize kle yake kwenye kompyuta. Pélagie akavua kidude cha plastiki shingoni, akakichomeka ubavuni mwa mashine. Nikatoa ufunguo wa kabati. Uliingia nusu. Kutoka ukakataa.
Kasimu akaja kuuliza nani ana ufunguo wa vikombe, wageni wanangoja chai. Wote wakaitazama mashine yangu. Mama Régina hakupaza sauti. "Mutoto yangu, rudi kwanza ku nyumba." Nafasi kapewa Pélagie. Nimeona haya sana. Shati alilonipigia pasi Mama lilikuwa bado limenyooka.

Jumamosi, 17 Mei
Pélagie amekuja, eti atanifundisha kompyuta bure. Bure! Anaficha nini? Nikamuuliza mazoezi yake yako wapi sasa. Akasema kle ameshaacha, yote ameweka mu wingu. Akaonyesha juu kwa kidole.
Septemba ushirika utachukua mwingine. Wingu silifikii, ila mnara wa simu unalikaribia. Mlinzi wake anaitwa Abdallah. Nimeshauliza: naye anapenda samaki.