Nilivyohamia Simu za Upande Ule

Jumatatu, 3 Juni

Nimenyang'anywa nyumba! Si yangu, ya kupangisha, lakini uchungu ni ule ule. Ghorofa ya juu, vyumba vitatu, maji hayakatiki. Mwenye nyumba, daktari wa meno mstaafu, aliniahidi kwa kinywa chake. Leo napita pale, nakuta kibao cha Mwanasheria kinaning'inia getini.

Mwanasheria ni dalali mwenzangu. Hajasomea sheria hata siku moja. Anavaa tai tu, watu wakampa jina.

Nikampigia daktari. Akasema kwa upole kwamba aliona picha zangu, kisha akaona za mwenzangu. Kwenye picha zangu bafu lake linafanana na mahabusu. Kwenye za Mwanasheria, bafu lile lile, bomba lile lile, mtu anatamani kuhamia humo na familia.

Nimewaza njia nzima. Mimi si mvivu. Mdomo ninao. Tofauti kati yetu ni moja tu: simu. Mwanasheria anatumia simu ya Upande Ule. Mimi tangu nianze kushika simu niko Upande Wetu, pamoja na karibu kila mtu ninayemfahamu. (Majina halisi ya hizo simu siyaandiki hapa. Sitangazi biashara ya mtu bure.)

Kabla chai haijapoa nilishaamua. Nahama!

Jumanne, 4 Juni

Mtu mzima hakurupuki. Kwa hiyo leo, baada ya kuamua, nimekaa chini kupima hasara za kuhama.

Chaja, kwanza. Tundu la Upande Ule ni jingine kabisa, kwa hiyo chaja zote za nyumbani zitakuwa mapambo kwangu. Si neno. Nitatembea na yangu mfukoni, kama watu wenye shughuli. Halafu eti meseji za zamani hazivuki zote. Afadhali! Nusu ya wateja wangu wa zamani wananitukana humo. Wabaki huko huko na matusi yao. Programu ulizonunua, lazima ununue upya. Sijawahi kununua programu maishani mwangu, kwa hiyo hapo nimewashinda. Kuna pia suala la kuzoea namna mpya ya kubonyeza. Mimi nimezoea kuishi na mama mkwe. Nitashindwa na simu?

Jioni nimemweleza mke wangu. Mke wangu ni muuguzi, na ana jicho ambalo mgonjwa akilitazama anameza dawa bila maji. Amenisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: na mashine ya presha ya mama?

Hapo nieleze. Mama mkwe tunaishi naye, na presha inamsumbua. Mke wangu hutoka kwenda wodini kabla mama hajaamka. Mimi ndiye ninayemfunga mama mkanda mkononi kila asubuhi. Mashine inatuma namba kwenye simu yangu, nami namtumia mke wangu kazini. Yenyewe haina kioo wala sauti. Bila simu ni bubu.

Nikamwambia mke wangu teknolojia zote ni ndugu, zitaelewana. Akasema niulize dukani kwanza, kabla sijatoa chochote. Nikasema sawa. Ilikuwa ile sawa ya kufunga mazungumzo.

Alhamisi, 6 Juni

Ninayo! Nyembamba. Inateleza kama sabuni.

Muuza simu alichukua ile yangu ya zamani, tukabadilishana kwa nyongeza. Palepale akaifuta yote, akaiweka kabatini iuzwe. Akaniambia, "Kaka, ukishavuka, kurudi ni shughuli." Nikamwambia mimi sina historia ya kurudi nyuma. Suala la mashine ya presha nililikumbuka, nisiseme uongo. Lakini alikuwa anaifunga simu yangu mpya kwenye boksi kwa heshima kubwa, nikaona si wakati wake.

Picha sasa! Nimepiga jiko letu, nikamtumia mke wangu kazini. Akajibu: jiko la nani hilo?

Mchana mambo yamekwama kidogo. Simu hii haina kitufe cha kurudi. Nilibonyeza mahali nisipopajua, nikaingia kwenye hali ya hewa ya mji wa mbali, nikashindwa kutoka. Nimekaa huko saa nzima. Kunanyesha.

Na majina hayakuvuka vizuri. Yamekatwa. Fundi Bomba, Fundi Umeme, Fundi Majeneza, wote sasa wanaitwa Fundi. Bomba la jikoni lilikuwa linavuja, nikapiga namba ya Fundi wa kwanza, nikamwambia aje nyumbani haraka, kuna mama mzee, hali ni mbaya, asisahau vipimo. Kisha nikatoka kwenda kuonyesha chumba.

Mama mkwe ndiye aliyefungua mlango. Akamkuta mtu mpole ameshika futi kamba, amevua kofia, anampa pole. Mama akauliza kafa nani. Fundi akasema yeye aliambiwa tu ni nyumba yenye mama mzee.

Nimeomba msamaha. Mama amekubali, ila alimpikia yule fundi chai, na mimi sikupewa.

Ijumaa, 7 Juni

Mashine haiongei na simu yangu. Nimeiwasha, nimeizima, nimeibembeleza. Nimempigia aliyetuuzia. Akasema mashine ya aina hiyo inaelewana na Upande Wetu peke yake, na kwamba hilo limeandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa. Mtu gani anasoma boksi?

Mama mkwe kakaa mezani, mkono kaunyoosha, mkanda umevimba, anasubiri. Meseji ya mke wangu ikaingia: presha ya mama vipi?

Mwanaume wa kawaida angebabaika. Mimi nimefikiri. Jana mama alikuwa mzuri. Juzi alikuwa mzuri. Mtu habadiliki kwa usiku mmoja. Nikaandika mia na ishirini kwa themanini, nikatuma. Mke wangu akarudisha makopakopa matatu! Hajanitumia kopakopa tangu tulipohamia nyumba hii.

Mama naye akauliza. Nikamwambia, mama, una presha ya msichana. Alifurahi mpaka nikaona raha.

Mpango ni huu: nitatafuta simu yoyote ya Upande Wetu, iliyochakaa sawa tu, iwe ya mashine. Wiki ijayo. Hakuna haraka, mgonjwa ni mzima.

Jumapili, 9 Juni

Biashara safi. Nimepiga picha vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magodoro, vinaonekana kama ubalozi. Wateja wanapiga simu. (Wakifika wanauliza picha zilipigwa wapi. Hayo ni mambo madogo.)

Namba za mama nimekuwa nikizitengeneza kwa ustadi. Sirudii namba moja mara mbili. Leo nimeshusha kidogo ili zionekane za kweli.

Nimeshusha mno! Mke wangu kapiga simu kwa furaha. Kasema mama amepona kuliko wauguzi wenyewe, na kesho atamwomba daktari ampunguzie dawa.

Kupunguza dawa? Kwa namba zangu? Mimi ni dalali, naongeza chumvi kwenye vyumba, si kwenye damu za watu.

Ningeweza kusema ukweli. Nililipima wazo hilo. Lakini ukweli ungeanzia kwenye duka la simu, upitie kwa fundi majeneza, na mke wangu angetaka kuusikia wote. Nimepata njia bora. Kesho nitapandisha namba taratibu. Daktari ataacha dawa zilivyo, kila mtu atabaki palepale alipo.

Jumatatu, 10 Juni

Taratibu! Nilitaka kupandisha taratibu! Lakini simu hii ina tabia ya kukukamilishia unachoandika, na kidole changu bado ni cha Upande Wetu. Nimeandika mia na arobaini. Iliyokwenda ni mia mbili na kumi.

Sikuwahi hata kuifuta. Sijui inafutiwa wapi.

Simu ikaanza kulia. Mke wangu. Nikataka kupokea, nikakata. Nikataka kumpigia, nikapiga picha ya dari. Haukupita muda, gari la wagonjwa likasimama mlangoni. Mke wangu kashuka na sare zake, nyuma yake wenzake wawili na machela.

Mimi nilikuwa nimetulia, kwa sababu mama mkwe alikuwa jikoni, mzima, anakula karanga za chumvi. Nilijiandaa kusema mashine imekosea. Maneno nilishayapanga.

Mke wangu akamkalisha mama, akatoa kipimo chake cha kazini, cha kupuliza kwa mkono. Akasikiliza. Akarudia. Uso ukambadilika.

Mia mbili na tano.

Nikashika friji.

Mke wangu akamuuliza mama kama amekunywa dawa. Mama akasema hapana, ameacha tangu Ijumaa. Kwa nini? Akanielekezea karanga. "Si mumeo huyu aliniambia nina presha ya msichana? Msichana anakunywa dawa za nini? Na chumvi nimeirudia, mwanangu, nilikuwa nimeimiss sana."

Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu jana, kumbe. Hakusema, kwa sababu namba zilikuwa nzuri.

Wamemchukua. Nimepanda naye nyuma. Njiani kanishika mkono, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtoto, na kwa mara ya kwanza wiki hii sikuwa na mpango wowote. Nilimwambia tu mama, mama, usituache. Akasema haendi popote, ila nimwachie kidole, nakivunja.

Jioni. Presha imeshuka. Amelala vizuri. Daktari wa zamu katoka nje, akasema mama kaletwa kwa wakati, na kwamba ingepita siku nyingine tungezungumza lugha nyingine. Akaniuliza kama mimi ndiye niliyeleta taarifa ya ile mia mbili na kumi. Nikasema ndiyo. Akanipa mkono! Akamwambia mke wangu ana mume makini.

Mke wangu kanikumbatia mbele ya wodi nzima. Nimekubali kukumbatiwa. Ilikuwa vibaya kumkatiza.

Jumanne, 11 Juni

Daktari makini naye! Kaomba aone namba zote za wiki, moja kwa moja kutoka kwenye mashine. Mke wangu kanyoosha mkono, nimpe simu. Katafuta programu ya presha. Hakuna. Katafuta tena. Nikamwambia labda imejificha. Akanitazama kwa lile jicho, na mimi bila kupenda nikameza mate kama kidonge.

Yote yametoka. Boksi, muuza simu, fundi, na zile namba.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema maneno machache, kwa sauti ya chini: kwamba angesamehe simu, angesamehe hata mashine, lakini alikuwa anazisoma zile namba kila asubuhi akiwa amesimama kati ya vitanda vya wagonjwa, na ndizo zilizokuwa zinampa nguvu ya kuendelea na zamu.

Nalala sebuleni. Mama akitoka hospitali, kila asubuhi nitampeleka zahanati kwa miguu akapimwe na watu wanaojua kusoma. Mama mkwe alipopewa habari kitandani alicheka mpaka muuguzi akamwomba apumzike. Akaniambia, "Mwanangu, ukinidanganya tena, nidanganye kwa namba mbaya. Zile nzuri zinanifanya nile."

Nikitoka hospitali nimekutana na Mwanasheria, kaja kumwona shangazi yake. Nikaitazama simu iliyo mkononi mwake, nikashtuka: ni simu yangu ya zamani! Mkwaruzo ule ule pembeni. Kainunua kabatini kwa yule yule muuzaji. Kahamia Upande Wetu, kasema, kwa sababu mkewe yuko huku, na chaja zote pia.

Nikamuuliza picha sasa atafanyaje. Akashangaa. Akasema yeye hufungua mapazia, kisha hufuta kioo cha kamera kwa ncha ya tai. Basi. Akaitazama kamera ya simu yangu mpya. Ilikuwa na alama ya kidole gumba, na siagi kidogo.

Ijumaa, 14 Juni

Mama karudi nyumbani, presha nzuri ya kweli. Mke wangu kamnunulia simu yake mwenyewe ya Upande Wetu kwa ajili ya mashine, na sasa mama anajipima, anatuma namba mwenyewe, na anamwandikia binti yake pembeni kuhusu mimi. Leo mke wangu kaniongezea chai bila kuombwa. Mambo yanakaa sawa.

Nimepata muda wa kutafakari makosa yangu, na nimeyaona. Kosa lilikuwa kudhani kwamba picha za simu, za upande wowote ule, zinatosha. Dunia imesonga mbele. Kuna kamera inayoruka! Unaipeleka juu, inapiga nyumba nzima mpaka paa. Mwanasheria afute kamera kwa tai yake mpaka ichanike, paa hatalifikia.

Nimepima hasara zake kwa uangalifu mkubwa na sikuona hata moja. Muuzaji anasema inaelewana na simu zote, isipokuwa chache. Hizo chache hakuzitaja, na mimi sikutaka kumchosha. Naichukua kesho. Majaribio yatafanyika uani, asubuhi, wakati mama mkwe amekaa nje anaota jua, apate na kitu cha kumchangamsha.