Kufuli Nililoifungia Ofisi Nzima

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekabidhiwa ufalme. Fundi Mkuu wa kompyuta kaniruhusu kuingia kwenye seva, ile mashine inayoziamuru kompyuta zote za ofisi. Ukibonyeza huku, zinatii kule. Shule niliachia njiani, na waliomaliza vyuo leo wananibembeleza mimi wino wa printa. Dunia duara.

Shangazi yangu wa mapokezi ndiye aliyeniombea kazi hii. Kaniambia nisimwaibishe. Nikamwambia atulie, atajivuna mpaka shingo imuume.

Fundi Mkuu kanipa sharti moja. Kila amri mpya ijaribiwe kwanza kwa Bibi. Bibi ni kompyuta kuukuu pale pembeni, inawaka kwa kujikongoja huku ikikoroma. Eti ikimuumiza Bibi, usiwapelekee wajukuu. Mzee wa mafumbo huyu.

Jumanne, 4 Machi

Kalkuleta kanichokoza. Ni karani wa uhasibu, mrefu kwa mdomo kuliko kimo. Kivinjari chake, kile cha kuingilia mtandaoni, kakipanga kifungukie matokeo ya mpira, na nilipomwambia ni kinyume cha taratibu, akaniita fundi wa kuchomeka waya. Mbele za watu. Ofisi ikacheka. Hata Shangazi alicheka, akajificha nyuma ya kikombe.

Haya. Nimempikia dawa. Kivinjari kitafungukia ukurasa wa ofisi tu. Mipangilio haiguswi na mtu. Na kila kikifungwa, kinajifuta chote: kurasa alizopita, milango aliyoiacha wazi, maneno ya siri kiliyomkumbukia. Kesho yake anaanza upya kama mtoto mchanga.

Nilimwasha Bibi. Akakoroma mpaka nikapiga miayo, nikamwacha. Seva ikauliza amri iende kwa nani. Majina yamejipanga kama foleni ya kliniki, Kalkuleta yuko chini huko, na juu kabisa kuna neno moja zuri: Wote. Kazi ya nini kumtafuta samaki mmoja na wavu ninao? Nikabonyeza.

Jumatano, 5 Machi

Roho kwatu. Kalkuleta katoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Anabonyeza, haendi kokote. Nikapita nyuma yake nikipiga mluzi.

Mchana Shangazi kaniita. Kwa sauti ndogo, kama mtu aliyevunja chombo cha watu. Kasema mwanawe hafunguki.

Sikumwelewa. Akanionyesha kioo cha kompyuta yake. Ukurasa ulikuwa unadai neno la siri.

Kumbe binamu yangu, kabla hajaenda kufanya kazi mbali, alimfungulia mama yake ukurasa wa ujumbe kwenye kompyuta hii hii ya mapokezi, akauacha wazi asihangaike. Humo ndimo alimokuwa akimtumia sauti. Binamu tulimzika mwaka jana. Sauti zilibaki. Kila mchana Shangazi anavaa visikizio, anafungua chakula chake, anamsikiliza. Kuna moja inayoanza kwa kicheko, halafu anauliza, Mama, upo? Shangazi humjibu, Nipo. Watu tulidhani anaongea na simu.

Neno la siri alikuwa nalo binamu peke yake.

Kaniuliza kama ni kompyuta imezeeka. Nimemwambia mtandao una mafua, utapona.

Alhamisi, 6 Machi

Mimi sishindwi na neno moja. Nimejaribu timu yake. Nimejaribu jina la mbwa wetu wa utotoni. Nimejaribu jina la yule binti wa jirani, ambalo Shangazi hapaswi kulijua, na amekaa pembeni yangu anafuata vidole vyangu nikiliandika. Kasema, alaa, kumbe yule.

Ukurasa ukasema unaweza kutuma namba ya kuingilia kwenye simu ya mwenyewe. Nikaipiga laini ya binamu. Ikaita! Shangazi akanishika mkono. Akapokea baba mmoja mwenye sauti nzito, akasema laini kainunua dukani kihalali, na marehemu wetu asimsumbue usingizini. Akakata.

Shangazi hakulia. Alifunga chombo chake cha chakula, akakifunga tena vizuri zaidi.

Nikajaribu maneno mengine, mbiombio, chochote kilichonijia. Ukurasa ukaandika kwamba kwa usalama wa mwenye nao, umefungwa moja kwa moja.

Angalau usalama wake uko imara.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi Mkuu kajua. Kalkuleta kapeleka maneno, nani mwingine. Hakunifokea, na hilo ndilo baya. Kaniuliza kama nilipitia kwa Bibi. Nikasema alikuwa anakoroma. Kasema ndani ya Bibi yeye huacha ukurasa wake mwenyewe wazi, makusudi, ili amri mbaya imuumize yeye kwanza.

Hukumu: Jumatatu asubuhi anafuta folda yangu yote kwenye seva, na kila kitu nilichoweka humo, bila kuangalia kimoja kimoja. Mpaka hapo nijaze karatasi kwenye printa.

Jioni Shangazi kanilipia nauli kama kawaida yake. Njia nzima hakunisema. Ningependa angenisema.

Jumamosi, 8 Machi

Kichwa kama hiki hakizaliwi kila mwaka.

Nimefukua simu yangu mbovu, na humo nimekuta sauti moja ya binamu. Aliniletea mimi. Anacheka, halafu anasema: we mbumbumbu, mama akikwama na kompyuta msaidie, ila usiguseguse usichokijua, ukaniharibia.

Nimempelekea Shangazi pale mapokezi. Kasikiliza. Kacheka mpaka machozi yakamtoka, akaniomba nirudie, nikarudia, akasema, mwambie nipo. Kisha kaniuliza kwa aibu kama naweza kumwekea awe anaisikia mchana.

Naweza? Swali gani hilo kwa mfalme. Ofisi nusu siku, Fundi Mkuu hayupo, ruhusa yangu bado hai. Nimeihamishia sauti kwenye folda yangu ya seva. Kivinjari kikifunguka tu, binamu anacheka na kusema. Na mipangilio nimeifunga, haitoki.

Amri iende kwa nani? Ningemtafuta Shangazi kwenye ile foleni ya majina, lakini juu kabisa pale kuna neno langu. Acha na Kalkuleta aitwe mbumbumbu kila asubuhi. Bibi sikumwasha, Jumamosi apumzike.

Simu ilikuwa imejaa, inalalamika. Sauti nimeifuta huko, ya nini kuwa nayo mara mbili? Nimemwambia Shangazi Jumatatu aje mapema, avae visikizio vyake.

Safari hii haipotei ng'o. Iko kwenye folda yangu.