Kuhusu Watoto Wanaoliona Bwawa Langu Magharibi

Kwa Dada Shefali,
Mhudumu wa Afya, Kumarghat.

Salamu kidogo, malalamiko mengi.

Mwezi uliopita nilimpoteza mlinzi wa bwawa langu: giza la magharibi. Hakudai mshahara wala hakusinzia zamuni. Jua likizama, watoto wengi wa kijiji hiki walikuwa hawaoni kitu, wakishika pindo la sari za mama zao wasijikwae, na rui wangu, wale samaki wakubwa ninaowafuga, wakalala salama. Ukaja wewe. Ukawaminyia midomoni vile vidonge vyekundu vya vitamini A, ukawafundisha mama zao kwamba mola, visamaki vya urefu wa kidole, waliwe wazima na vichwa na macho yao, watoto wapate kuona. Matokeo ni haya:

1. Wanaona. Kila magharibi wamo bwawani mwangu na vyandarua. Nikifoka, Jhantu, mtoto wa kinyozi, ananijibu kwa adabu zote: "Babu, rui wako hatuwagusi. Tunakuzolea takataka." Na kweli sisi wafugaji wa rui ndivyo tunavyowaita mola, kila mwaka tunawatilia sumu kabla ya kupandikiza vifaranga.

2. Soko. Mimi nilianza na ndoo ya kuazima, leo nina mabwawa matatu, kwa hiyo hesabu naijua. Nilimweleza mama yake Rupban, mmoja wa watoto hao, alipokuwa akinunua mola, kwamba rui wangu mmoja ni uzito wa mola mia tano. Akasema, "Basi hao mia tano wana macho elfu moja, Bepari. Wako ana mawili, na kichwa chenyewe anaandaliwa mkwe akija kutembea." Soko zima likacheka, na muuza vitunguu akamwongezea kitunguu cha bure.

3. Paka wangu. Zamani vichwa vya mola vilitupwa, naye akashiba. Sasa watoto hawabakishi hata mkia. Amekonda, na lawama zote ananipa mimi.

4. Michezo. Katika kanamachi mmoja hufungwa macho awakamate wenzake. Zamani jioni walimweka Rupban, wala hawakuhangaika na kitambaa. Sasa Rupban anaona kuliko wote, na kitambaa cha kumfunga wamekianua kwenye kamba yangu. Ni taulo langu la Ijumaa.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, uwape vidonge vya kuona mpaka saa kumi na mbili jioni tu. Wanaotengeneza dawa hawashindwi na jambo dogo hivyo. La sivyo, Jumamosi namwaga sumu, mola wafe wote, na vyandarua virudi vitandani.

Nisalimie mumeo, mama mkwe wako, wauguzi wote, na huyo Jhantu ukimwona kabla yangu.

Ni mimi, mwenye bwawa lisilo na usiku,
Kuddus Bepari

N.B. Sumu nimeirudisha dukani. Jana magharibi mjukuu wangu Moyna, mwenye miaka minne, alisimama uani akiniita, "Babu, uko wapi?" Nami nilikuwa mbele yake, hatua moja. Nyumbani kwetu tunakula rui mnono, mola hawapiti mlangoni. Na siku ya vidonge nilikuambia upite zako, hapa hakuna watoto wa maskini. Asubuhi hii nimevua mola mwenyewe, mke wangu anawapika na vichwa vyao. Lakini Moyna hawezi kungoja samaki peke yao. Nijibu leo, Dada, kabla jua halijazama: kidonge kimebaki?